Tumbo Lililoanua Mpunga wa Jirani

Enzi zetu tumbo lilikuwa linauma tu, basi. Halikuwa na jina la kitaalamu wala video ya kulielezea. Ulishika tumbo, mama akakushika paji la uso, na dawa ilikuwa moja: maziwa.

Na kwetu maziwa hayakuwa haba. Wazee wetu waliswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka nyanda za Usangu, sisi tukazaliwa pembeni ya Rujewa, huku majaruba ya mpunga, kule mikia ya ng'ombe. Mimi nilikuwa kitinda mimba, kwa hiyo nilipewa kilicho bora: kikombe cha bati cha maziwa yaliyokamuliwa muda huohuo, yana povu, yananukia moshi. Wakubwa walikula ugali wao kwa mgando, maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu. Mtoto anayependwa hapewi mgando, anapewa ya moto.

Sasa kikombe kikishashuka, tumbo lilivimba kama ngoma ya arusi, kisha likaanza kunguruma. Siyo kunguruma kwenu huko kwa watu wa kawaida! Siku moja jirani yetu Mama Upendo, aliyekuwa ameanika mpunga nje, alitoka mbio akaanza kuuanua, na angani hapakuwa na wingu hata la kuazima. Kaka yangu Shija alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Upendo, anika tu! Siyo mvua hiyo, mdogo wangu kanywa maziwa!"

Tangu siku hiyo nikaitwa Radi. Na baada ya radi hufuata mafuriko, na mafuriko hayangoji mtu afike chooni. Majaruba yale yote nayafahamu kona kwa kona. Nikirudi nimelegea, mama ananipokea na kikombe kingine. "Kunywa, mwanangu, yatalituliza."

Haya yote ningeyavumilia, lakini kiangazi kilifika. Majani yakiisha, vijana huhamisha ng'ombe kwenda kambini, mbali bondeni, na hakuna mvulana aliyekuwa hana ndoto ya kwenda. Kulala nje, kuota moto na kaka zako, kurudi mvua zikianza ukiwa na sauti nzito! Baba akatangaza wa kwenda, mimi simo.

"Radi atabaki," alisema. "Kule hakuna unga. Ni maziwa asubuhi, maziwa jioni. Tumbo hilo litamfia njiani."

Nililia mpaka mbwa wakaniunga mkono. Shija akanibembeleza kwa mtindo wake: "Nyamaza, bibi harusi. Utamsaidia mama kupepeta mchele."

Hapo ndipo nilipoanza kulichunguza tumbo langu kama fundi aliyefungua redio. Linanuna kwa nini? Nilishuku maharage, nikayaonea bure. Nikashuku dona, nikashuku viazi. Kwa kuwa mtu hawezi kujiwekea sikio tumboni, nilimwomba dada yangu Kabula, mtikisaji wa kibuyu cha maziwa pale nyumbani, anisikilizie. Asubuhi moja mama aliwahi mashineni kukoboa mpunga, hakuna aliyekumbuka kikombe changu. Nikala kiporo. Kabula akainama.

"Kimya. Umekufa?"

Nikaogopa kuwaza nilichokuwa nawaza. Mtoto wa mfugaji kushuku maziwa ni kama samaki kushuku maji. Lakini Kabula naye alishapata hamu ya kujua. Akanimiminia mgando wa siku nyingi, ule mkali wa kukunja uso mpaka masikio yanasogea. Tukangoja. Kimya. Kesho yake kimya. Tukarudia mpaka akalalamika: "Wewe, utamaliza kibuyu, nitakayepigwa ni mimi."

Siku ya safari, ng'ombe wakiwa wanasukumana langoni mwa zizi, mama alikuja na kikombe cha maziwa ya moto. Nikasema mbele ya watu wote, "Mama, naomba mgando."

Mama alinitazama kama nimemkana. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Mpe," baba akasema.

Nikanywa. Wakasimama wote kuningoja kama watu wanaongoja mvua. Kisha baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiinama hata kwa kuokota fimbo yake, akapiga magoti kwenye samadi na kuweka sikio tumboni kwangu. Akasikiliza. Shija akaacha kucheka. Mama akawa bado ameshika kikombe chake, hajui akipeleke wapi.

"Radi imehamia kijiji kingine," baba akasema. "Mpeni fimbo."

Miaka ikapita. Nilipokuwa Iringa, mchana kibarua, jioni shule ya watu wazima, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba maziwa yana sukari yake, na si kila tumbo linaiweza. Yakiganda, vijidudu huwa vimeshaila sehemu kubwa. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Darasa zima likadhani nimechoka na kazi.

Leo nauza mchele sokoni Mwanjelwa, na tumbo ni lilelile. Nakunywa chai ya rangi, mgando naula kwa adabu, na tunaishi kwa kuheshimiana. Nikienda Rujewa, mama, uzee wote ule, bado hukamata kikombe cha bati, husita, hucheka, halafu hugeuka kufuata kibuyu.

Vijana wa leo wana jina la ugonjwa kabla tumbo halijauma. Juzi nilionja aiskrimu ya watu, mwanangu akanitumia kwenye simu maelezo yote, na jina refu kama treni ya Tunduma. Alikuwa chumba cha pili. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa, nikayasoma yote nimejikunja kitandani. Lakini tumbo liliponguruma tena, nilijikuta naangalia mlangoni, kama kuna mtu anakuja kupiga magoti asikilize.