Bendera Nyekundu Ziwani Jipe

Mulei, mpunga bendera wa reli pale Voi, alimpeleka mpwawe Ndunge Ziwa Jipe kumfunza kuvua, ingawa yeye mwenyewe samaki alimjua wa mkebe tu. Akatoa bendera zake mbili na amri za kazini: bendera ya kijani, tupa ndoano; nyekundu, simama kabisa.

"Na ufunge mdomo, we mtoto! Samaki ana masikio!"

Mshipi ukakaza. Ndunge akavuta kambale mweusi mwenye masharubu, anajipindapinda.

"Nyoka! Nyoka huyo!" Mulei akapiga mayowe, akatoka mbio, kofia huku, viatu kule.

Ndunge akaokota bendera nyekundu aliyoiangusha mjomba, akaiinua. Mulei aligeuka kuona kama anafuatwa, akaiona, na miaka ishirini ya reli ikamshika miguu. Akasimama wima.

"Mjomba," Ndunge akamsogelea, akanong'ona, "samaki ana masikio."