Siku Tuliyowaachia Ndege Bonde

Kabla ya kura kufika Wingwi, sisi wanawake wa bonde letu tulikuwa na njia yetu ya kuchagua siku ya kupanda mpunga, na njia hiyo ilikuwa ya kuchosha. Tulikaa juu ya tuta kubwa, kila mwenye ngwe yake, kipande chake cha bonde, na mmoja akaitaja siku. Asiyeridhika alisema hapana. Huyo hakuambiwa kwamba ameshindwa, aliulizwa, "Kinachokuzuia nini, bibi?" Kama hana mbegu, alitafutiwa mbegu. Kama ana mgonjwa, walitajwa wa kumpandia. Kama ni ukaidi mtupu, tulikaa naye mpaka njaa imshinde yeye au itushinde sisi. Kuna siku adhuhuri ilitupita na alasiri ikatukuta papo hapo, na majumbani hakujatelekwa chungu.

Hatukufanya hivyo kwa wema. Mpunga uliopandwa pamoja hupevuka pamoja, na ndege hulijia bonde zima kwa mara moja, kila mwenye ngwe akapoteza kidogo. Tena tulipokezana madungu, yale majukwaa ya miti anayokalia mwenye kuamia ndege akawafukuza kwa kelele na kombeo, na mtu mmoja akilinda ngwe za wenzake watano au sita. Mpunga uliopevuka peke yake huliwa peke yake.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa mjane, nina watoto watatu na ngwe moja. Mikarafuu sikuwa nayo. Mpunga wa ngwe ile ndio tuliokula mwaka mzima.

Mwaka huo ndipo wanawake tulipoandikwa kupiga kura kwa mara ya kwanza. Waliojua kusoma walisoma mbele ya karani. Mimi, ambaye sikuwahi kukaa skuli hata siku moja, niliandikwa kwa ajili ya umri wangu, kwa kuwa mtu mzima hakuulizwa kusoma. Nilifurahi, sitaficha. Tukapiga kura, pande mbili zikatoka sawa, tukaambiwa tungoje tuitwe tena baada ya miezi. Katika kungoja huko ikabidi siku ya kupanda itajwe.

Tulipokaa tutani, mke mmoja kijana, ambaye hakosi mkutano wa chama, akasimama.

"Kukaa kutwa kumepitwa na wakati," akasema. "Wakubwa wanapiga kura. Na siye tunyanyue mikono, tumalize, tukapike."

Tulikubali wengi, na mimi nikiwa wa mwanzo. Siku iliyotajwa ikapita kwa kuzidi mkono mmoja tu. Waliokataa karibu wote walikuwa wa chama cha pili, na miongoni mwao alikuwa jirani yangu wa ngwe ya chini, mjane kama mimi, niliyeshirikiana naye mfereji tangu tulipoolewa. Mkono wake ulikuwa bado uko juu.

"Mbegu yangu haijafika kutoka Wete," akasema. "Nipeni siku kumi."

"Wengi wape," nikamjibu.

"Umeanza lini kuwa wengi, weye? Jana si ulikuwa huna hata wa kukushikia jembe?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa upande wangu ulikuwa umeshinda.

Tukapanda siku yetu. Waliokataa wakapanda baadaye, na wengine walizidisha kuchelewa kwa hasira, ili isemwe kwamba na wao wana siku yao. Bonde likawa na rangi mbili. Salamu zikakatika, mfereji ukazolewa matope upande mmoja, na kila chama kikajenga madungu yake. Mpunga wetu ulipotia maziwa, punje zikiwa bado changa, wa wenzetu ulikuwa majani matupu, na ndege waliokuwa wakigawanywa na bonde zima wote wakateremkia nusu yetu. Nilishinda dunguni tangu alfajiri hadi magharibi, mpaka sauti ikanikauka.

Ndipo tukaitwa kwenye kura ya pili. Watu wa chama chetu walipita nyumba kwa nyumba.

"Mama, safari hii kura isikosekane hata moja," wakaniambia.

"Na nani ataniamia ndege?"

"Ndege wa siku moja watakula nini? Tukishinda, utakula mchele usioulima."

Nilikuwa nimechoka, na neno la namna hiyo humwingia mtu aliyechoka. Nikaenda.

Mstari wa wanawake ulizunguka skuli. Mbele yangu alikuwa jirani yangu yule yule, na hatukuwa tumesemezana tangu kupanda. Jua lilipotufika utosini, akageuka.

"Mpunga wako umemwachia nani?"

"Mungu."

"Mungu kakupa mikono uamie mwenyewe." Kisha akateremsha sauti. "Sikiza. Kura yako huku, yangu kule. Zinauana. Tukiondoka sote wawili, hakuna chama kitakachopungukiwa. Twende bondeni, miye nishike dungu moja, weye jengine."

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi na sijaona kosa lake. Lakini siku ile sikumwona jirani. Nilimwona mtu wa chama cha pili anayetaka kunitoa mstarini.

"Tutaondoka, kisha weye urudi kwa njia ya nyuma," nikamwambia.

"Basi nifunge kamba."

"Utaikata."

Nyuma yetu bibi mmoja akaguna. "Nyie wawili, pigeni kura mwende mkagombane kwenu. Miguu inatuuma."

Jirani yangu akanipa mgongo. Akaingia akapiga yake, nikaingia nikapiga yangu, na bila shaka zikauana kama alivyosema.

Nilifika bondeni alasiri imekwisha. Ndege hawakuruka mbali niliposogea. Walihama suke hata suke, kama wenye mali. Suke lililojaa huinama. Yangu yalisimama wima, na nilipoyapikicha kiganjani yakatoka makapi. Nilichovuna hakikutufikisha mwezi.

Nani alishinda kura ile, nilisimuliwa, na pamoja na hilo zikaja habari za Unguja, za watu waliouana kwa ajili yake. Mchele nisioulima sikuuona.

Mpunga wa jirani yangu ulipevuka baadaye, ukaliwa nao, ila haukuliwa wote. Asubuhi moja nilikuta kikapu cha mpunga mlangoni pangu, nikakijua ni cha nani. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hutiwa chochote, hata kama ni ndimu mbili. Mimi nilikirudisha kitupu. Alikipokea bila kutazama ndani.

Chama hakikupumzika. Kabla msimu wa kupanda haujarudi, alikuja bwana mmoja wa upande wetu kututayarisha kwa kura nyingine. Aliuliza kama kuna mwenye la kusema, nikasema. Nilimwambia kwamba mshindi asikalie kiti kabla hajaenda kwa waliomkataa akawauliza kinachowazuia, na majibu yao yasomwe mbele ya watu. Nikamwambia kwamba jambo lililopita kwa mkono mmoja lisihesabiwe kuwa limepita. Watu warudi wakae. Na siku ya kura isiwekwe wakati mpunga umetia maziwa. Hilo la mwisho lilimchekesha.

"Mama, ukingoja wote waridhike, nchi itaongozwa lini?"

Ninachojua ni kwamba sisi tulikuwa tukingojana, na bado tulikuwa tukipanda.

Msimu ulipofika, hakuna aliyeita mkutano tutani. Yule mke kijana alisema kila mtu apande atakapo. Nilikwenda kwa jirani yangu, nikamwambia tutaje siku sisi wawili, tupande pamoja.

"Wawili hatuwezi kulinda bonde," akasema. "Ungekuja na neno hilo mwaka jana, bibi."

Alisema kweli, na sikumnung'unikia. Nilipanda muhogo kilimani, kwa kuwa muhogo haumngoji mtu. Ngwe ya bondeni ikaota magugu ya ndago. Watoto waliulizia wali mwaka ule, na mwaka uliofuata, kisha wakaacha kuuliza.