Pundamilia Makapera

Mvua ikinyesha Riyadh, madam ninayemfanyia kazi za nyumbani hutupeleka shambani kwao nje ya mji, nami hukaa na mtoto wake karibu na zizi la farasi. Harufu ya vumbi lililolowa na samadi hunirudisha Kenya, asubuhi moja baada ya mvua za kwanza.

Nilikuwa mdogo, nikiandamana na mama kwenda kuteka maji. Tangu tumzike baba, mama alikuwa hasemi ila la lazima.

Uwandani tukakuta madume vijana wa pundamilia. Walisimama kwa miguu ya nyuma, wakaumana shingo, wakakimbizana mpaka matope yakaruka. Nikajificha nyuma ya leso ya mama.

"Mama, watauana!"

"Hawapigani, wanacheza. Hao ni makapera. Hawana mke, hawana mtoto, hawana kazi."

Mmoja akaja mbio kwa maringo, akateleza, akakaa kitako kwenye dimbwi. Akageuza kichwa huku na huku, kana kwamba anamtafuta aliyemsukuma.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akatua ndoo na kujishika mbavu, nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

"Haya, mwanangu," akasema akijipangusa machozi, "atakayefika mtoni wa mwisho atabeba ndoo zote mbili!"

Akapandisha leso magotini, akatimua mbio, akirusha miguu ovyo, na matope yake yakanirukia usoni.