Mwendo wa Kuitikiwa Salamu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kaskazi, jua halijawa kali, nimesimama mbele ya karakana ya fundi Rashidi pale Msambweni, mikono nimeifumbata nyuma kama mtu aliyekuja kuposa. Mbele yangu zimeegemezwa tukutuku mbili. Nyinyi mwaziita pikipiki, na siku hizi naona hata jina hilo limewachosha, mwasema boda tu. Sisi tuliziita tukutuku, kwa mlio wake. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, uhuru bado. Barabara ya kwenda Gazi ilikuwa udongo mwekundu na mawe, na lami tulikuwa twaisikia kwa waliovuka Likoni.

Nikueleze kwanza nilifuata nini, maana mimi nikianza na tukutuku sitarudi nyuma leo.

Nilikuwa na shangazi yangu, dada wa baba, Bi Mejumaa. Alikuwa mkunga. Kuanzia Msambweni mpaka Gazi na kupita, usingeona nyumba ambayo hakuingia na kutoka na mtoto mikononi. Miguu ndiyo ilikuwa chombo chake. Basi magoti yakaanza kumkatalia. Masika ya mwaka uliotangulia aliitwa Gazi, akaenda kwa miguu katika tope, na alipofika yale maji ya moto waliyomwekea ya uzazi ndiyo yaliyooshea maiti ya mama wa watu. Aliporudi alikaa kibarazani, chakula akakisukuma kando. Kisha akawaambia watu wa nyumbani, nazi za shamba langu ziuzwe, nitafutiwe chombo cha moto, sitachelewa tena. Na mwendeshaji awe huyu, yaani mimi. Mimi ni mtoto wa ndugu yake, akikaa nyuma yangu hakuna ulimi wa kumsema. Tena nilikuwa najua. Nilikuwa naendesha tukutuku ya msimamizi wa mashamba ya miwa, ile ya silinda moja, inayotikisa mpaka meno ya nyuma.

Shuleni sikukaa. Nilijua alifu na be, na a na e na i, basi. Lakini injini naliisoma. Silinda ni ule mtungi wa chuma ambao moto hupigia ndani. Ukiwa mmoja, chombo huenda kwa vishindo, pu, pu, pu, kama mtu atwangaye peke yake. Ikiwa miwili, huu ukipiga ule unavuta, kama chapuo na msondo zikiitikiana, na mpanda yu katikati ya ngoma. Hizo mbili za fundi Rashidi zilikuwa za mitungi miwili, zote za mwendo, zilizotengenezwa kwa watu wa kushindana. Wenyewe walikuwa Wazungu wawili wa mashamba waliokuwa wakirudi kwao, wakamwachia fundi aziuze.

Moja nyekundu. Mwanangu, nyekundu ile! Tangi lake lilikuwa na mstari wa dhahabu, mabomba ya moshi yametandazwa huku na huku, na kabureta mbili, kila silinda inakunywa petroli kwenye bakuli lake. Ya pili nyeusi, kabureta moja, rangi imepauka kwa jua. Moyo wangu ulishakata shauri kabla sijaamkia mtu. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi siku ile nilikuwa nawapenda waundaji wale kama ndugu zangu, ingawa sijui walikuwa akina nani.

Fundi Rashidi akafuta mikono kwa tambara, akasema chombo hakijaribiwi kwa macho, vitieni barabarani vyote viwili, kisha mje mniambie. Nikadhani nitakwenda peke yangu. Shangazi, niliyekuja naye, akachukua kipande cha mkeka, akakikunja juu ya kiti cha nyuma cha ile nyekundu, akapanda ubavu, buibui amelikusanya chini ya mapaja, mfuko wake wa kazi begani. Ule mfuko hakuwa akiuacha, hata akienda harusini. Akanishika mshipi.

"Haya, nionyeshe hicho kinachokukodolesha macho."

Nikapiga kiki, ikaitika. Tulipotoka penye nyumba nikavuta mafuta. Wallahi, mwanangu, mpaka leo nikisema haya vinyweleo vyanisimama. Haikuondoka, ilirushwa. Minazi ikawa ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kusikia shangazi akilia, nikasikia anacheka. Ndiyo, mwanamke wa umri ule, anacheka kama binti kwenye pembea. Hilo nalo lilinifunza kitu, lakini si cha leo.

Njiani alikuwako mzee mmoja na mzigo wa makuti kichwani. Shangazi akamtolea salamu, asalaam aleikum, kwa sauti ile yake iliyozoea kuita watu waamke. Sisi haoo. Nikahisi nimefinywa ubavuni, kidole na kidole, kama anavyofinywa mtoto msikitini.

"Geuza."

Nikamwuliza kuna nini, ameangusha kitu? Akasema geuza kwanza, maswali baadaye. Nikageuza.

"Kutoa salamu ni sunna, baba, kuitikia ni faradhi," akaniambia sikioni. "Umemwachia mzee wa watu faradhi mkononi, hajui amrudishie nani. Mwendo ambao mtu hakuwahi kukuitikia si mwendo, huko ni kukimbia watu."

Nikaona makubwa. Yule mzee kweli alikuwa amesimama palepale, mzigo kichwani, mdomo u wazi, vumbi limemjaa. Nikapunguza tupite taratibu apate kumjibu shangazi. Hapo nyekundu ikaonyesha tabia yake. Ilikuwa haijui kwenda pole. Ikakohoa upande mmoja, ikakohoa upande wa pili, ikajikunja kama mtu aliyekula pweza akamkwama, ikazimika mbele ya yule mzee. Nikapiga kiki, kiki ikanirudi muundini mwa mguu. Nikapiga tena. Mzee akaitikia salamu yake yote, warahmatullahi wabarakatuh, bila haraka, kisha akainama akaitazama injini.

"Imelala, mwanangu? Ibembeleze, pengine ina njaa."

Shangazi kicheko. Mimi jasho. Ilipokubali kuwaka, ilitaka mbio tu, na kila mtu tuliyekutana naye tukirudi karakana, shangazi alimtolea salamu, na kila nilipopunguza ile nyekundu ilikohoa. Ngoma ivumayo sana haidumu, wamesema, lakini mimi nilikuwa bado naitetea. Nilimwambia chombo cha mkunga ni cha kuwahi, salamu zitamchelewesha. Tulipofika karakana akashuka, akachukua mkeka wake, akauhamishia kwenye ile nyeusi.

Sasa nitie neno hapa. Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema mwenda pole hajikwai. Ya pili yasema chelewachelewa utakuta mwana si wako. Nilipokuwa kijana nilidhani mtu achague moja, awe wa pole au awe wa mbio. Shangazi yangu zote mbili alikuwa akizihitaji, tena siku moja, tena barabara moja.

Tukatoka na nyeusi, njia ile ile ya Gazi. Nikaanza nayo pole kwa makusudi, nikitaka izimike ili nayo iaibike. Haikuzimika. Ilinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba, tukaenda mwendo wa baiskeli, na mwendo wa mtu na mtoto wake, na haikukohoa. Mwanamke aliyekuwa akianika mihogo aliulizwa hali, akajibu, akamwuliza shangazi magoti, akajibiwa, yote hayo chombo kinakwenda. Nilinuna, lakini mkono wangu juu ya usukani ulikuwa umeshaipenda. Mkono huwa haununi.

Mbele kidogo akaja mtu kwa miguu, upesi upesi, kichwa ameinamisha, kitambaa amejifunga usoni kwa ajili ya vumbi. Alipoona tukutuku akajitupa kando kwenye majani, alivyofanya kila mtu siku zile, maana tukutuku ilikuwa ya Mzungu au ya askari. Hakututazama. Na sisi tusingemjua. Shangazi akatoa salamu.

Yule mtu akaitikia huku anakwenda zake. Akafika nusu ya jibu, akasimama. Akavuta kitambaa.

"Sauti hiyo ni ya Bi Mejumaa?"

"Ni mimi. Nani wewe?"

"Mimi Kassim wa Gazi. Ndiko kwako ninakokwenda. Mwanangu Mwanasiti tangu alfajiri yuko katika uchungu. Mtoto ametoa mguu."

Hapakuwa na maneno mengi. Shangazi alimwambia Mzee Kassim afuate nyuma kwa miguu yake, Mungu atamfikisha. Kisha akanishika, si mshipi tena, akanizungushia mikono yote miwili kiunoni.

"Sasa, baba, nipe ule mwendo wa kwanza."

Nikampa. Mwanangu, ile nyeusi iliyopauka ilikuwa imeficha nguvu zake kama mtu mzima anavyoficha hasira. Nilivuta mafuta ikakaa chini, ikajinyoosha, chapuo na msondo zikawa mlio mmoja. Palipokuwa na mawe iliruka ikatua imenyooka. Kwenye kona za mikoko karibu na Gazi nilikanyaga breki, ikanisikiliza, nikaiachia, ikanisikiliza. Sikuwa nikishindana na mtu yeyote. Nadhani ndiyo maana nilipanda vizuri siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Shangazi nyuma hakucheka tena. Nilimsikia anasoma dua.

Tulipofika alishuka kabla gurudumu halijatulia, akaingia, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki uani na tukutuku, chuma chake kikilia ti, ti, kikipoa. Vijana wakakusanyika, wakaizunguka, wakaniuliza inakwenda mbio gani. Masikio yangu yalikuwa mlangoni. Muda ule nisikupimie, ulikuwa mrefu. Mzee Kassim akafika kwa miguu anahema, akakaa kando yangu chini mchangani.

Kisha tukasikia mtoto. Kwanza kama paka, halafu kama mtu. Na baadaye kidogo, jambo ambalo Mzee Kassim alikuwa akilingoja zaidi, tukamsikia Mwanasiti mwenyewe akiomba maji ya kunywa. Mzee akaweka uso wake mchangani akasujudu palepale, na vumbi lake lote. Wale vijana wakataka mtoto aitwe Tukutuku, babu yake akasema jina hilo wawape wao wakizaa.

Shangazi alipotoka alikuwa amechoka, mikono imelowa, macho yanang'aa. Akaniambia neno moja ambalo sitalisahau:

"Tungempita Mzee Kassim na ile nyekundu yako, angekwenda mpaka kwangu akakuta mlango umefungwa, na sisi tuko Gazi hapa hapa twajaribu tukutuku."

Basi nyeusi ndiyo iliyonunuliwa. Ile nyekundu ilichukuliwa na kijana mmoja wa Likoni aliyekuwa akipenda mashindano, na ilimfaa, siisemi vibaya. Kila chombo na mwenyewe. Mimi nilimwendesha shangazi miaka mpaka alipostaafu, na hao waliozaliwa kwa mbio za ile nyeusi sasa wana wajukuu.

Kwa hiyo, mwanangu, nimesikia nawe umekwenda Ukunda kujaribu pikipiki ya silinda mbili. Sikukatazi, naona wivu tu. Ijaribu kwa mbio, upate kuijua nguvu yake, maana siku ya nguvu itakuja na haitakupigia hodi. Lakini ijaribu kwa pole kwanza. Pita nayo penye watu, wape salamu, na usikie kila mmoja anavyokujibu mpaka neno la mwisho. Chombo kisichoweza mwendo huo kiache, hata kiwe kizuri namna gani. Na wewe mwenyewe ujipime hivyo hivyo, katika kazi, katika cheo, katika mali ukijaliwa. Ukiona watu wanafungua midomo na wewe umeshapita, geuza. Si aibu. Habari unayoihitaji pengine iko kwa mtu aliyejifunga kitambaa usoni kando ya njia.

Mola akujaalie mkono mwepesi na moyo mzito. Akulinde na jiwe usiloliona na kona usiyoijua. Popote utakapotoa salamu, akupe wa kukuitikia, na siku utakapoitwa kwa haraka, akufikishe waliokuita wangali hai. Amin.