Miyenzi Ilipopita Jiwe Jeusi

Nilipokuwa mutoto wa miaka tisa, nilimushika kiwiko mutu mukubwa aliyekuwa haoni, nikamuongoza mbali ng'ambo ya mupaka wetu, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akapanda ua wa mupaka ndani ya shamba lake. Ninaandika haraka kabla woga haujanirudia. Sijawahi kumuambia mutu, hata mume wangu, hata padri. Nasema sasa juu wiki iliyopita macho ya mutoto wangu yalifunga, na mimi najua, au nadhani najua, kwa nini yalifunga.

Kwetu ni juu kidogo ya Kanyaruchinya, kwenye barabara inayopanda kutoka Goma kuelekea volkano. Udongo wa kule ni mawe. Ukitaka kusimika muti mumoja tu wa ua, unachukua baramini, kile chuma kirefu kizito chenye ncha, unalipiga jiwe mpaka linatoa cheche, na ukipiga nusu ya asubuhi unapata tundu la kuingiza mukono mpaka kwenye kiwiko, basi. Ndiyo maana kwetu ua si kitu cha kuchezea. Mutu aliyesimika ua ameacha ngozi ya viganja vyake pale.

Papa aliacha ya kwake. Alisimika ua wa matete na miti ya eukaliptu, kuanzia kwenye jiwe moja kubwa jeusi lenye mugongo kama wa ng'ombe aliyelala, mpaka kwenye muti wa avoka. Upande huu sisi: nyumba ya mbao, migomba, harage. Upande ule Papa Furaha, jirani, tuliyemuita hivyo kwa jina la binti yake Furaha niliyekuwa nikiruka naye kamba. Papa alipokufa tulimuzika karibu na ule ua, pale alipokuwa akikaa jioni kunoa panga. Tulibaki nyumbani Koko, yaani mama ya papa, na mama, na mimi, na mudogo wangu Jonasi aliyekuwa bado ananyonya.

Basi ua ukaanza kutembea.

Matete yanaoza, yanataka kubadilishwa, na Papa Furaha alijitolea kutusaidia, "juu munabaki wanawake tupu." Tulimushukuru! Mama alimupikia hata ugali na sambaza, wale samaki wadogo. Lakini kila alipomaliza kazi ua ulikuwa umeingia kwetu. Mara ya kwanza ulichukua musitari wa harage. Mara ya pili, migomba miwili. Koko akamusimamisha.

"Papa Furaha, ua ya mwanangu ilikuwa inapita huku?"

"Mama, ni mawe. Pale pa zamani muti haiingii tena, jiwe imekataa."

"Jiwe imekataa muti, na tumbo yako imekubali harage yangu."

Alicheka. Alikuwa mutu wa kucheka sana. Mara ya tatu ua ulifika kwenye kaburi la papa, ukapita juu ya miguu yake, na siku hiyo, nilimuona kwa macho yangu mawili, alivua koti akalitundika kwenye musalaba wa papa ili afanye kazi vizuri. Akapiga baramini, huku koti linaning'inia pale kama kwenye musumari wa nyumbani kwake. Mpaka leo nikitaka kumuchukia mutu vizuri naanza kwa lile koti.

Koko alienda kwa chef wa kijiji. Chef alikula mbuzi wetu, akanywa kasiksi yetu, pombe ya ndizi, akasema tuongee kama majirani. Koko akarudi, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akachukua jembe. Alitembea polepole kutoka jiwe jeusi mpaka kwenye avoka, huku anachokoa chini, na kila baada ya hatua mbili alipata tundu. Matundu ya papa! Papa Furaha alikuwa ameyajaza changarawe na kuyafunika udongo. Koko aliyazibua yote, moja moja, na ndani ya kila moja akasimika tawi la miyenzi.

Muyenzi ni ule muti wa vidole vya kijani, hauna majani, ukiuvunja unatoa maziwa meupe. Unashika popote, hata kwenye mawe. Mbuzi haugusi. Koko alitemea kasiksi kidogo kila tundu, akataja jina la papa, na alipofika kwenye kaburi akasema kwa sauti, ili ng'ambo wasikie: "Mutu atakayehamisha mupaka huu, macho yake ifunge. Isifunguke mpaka amerudisha. Na ikifunguka, ifunguke na maziwa ya muke wa nyumba hii."

Ndivyo wazee wa kwetu walivyoamini: ua wa miyenzi uliopandwa kwa jina la marehemu una macho, na unachukua macho. Papa Furaha alisikia, akacheka ng'ambo yake.

"Mama, nitaiondoa siku ninapenda, na nitakusalimia nikikuangalia!"

Alingoja miyenzi ifike kwenye bega langu. Asubuhi moja, mama Furaha, muke wake, ameenda kuuza viazi soko la Virunga na watoto wote, tukasikia panga. Mama alitaka kutoka, Koko akamushika nguo: "Kaa. Muache." Tukakaa tunasikia, panga, panga, na miti inang'olewa inatupwa, halafu panga likanyamaza. Halafu mulio. Sijawahi kusikia mutu mukubwa akilia vile, kama nguruwe amefungwa. Akaja anapapasa ukuta wa mbao wa nyumba yetu, uso umelowa maziwa meupe, macho yamevimba, yamefunga kabisa.

"Mama! Mama, nisaidie, ninaungua! Muambie bibi ya marehemu anikamulie kidogo tu, mama, naomba."

Juu kwetu kila mutu anajua, dawa ya maziwa ya muyenzi ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Na siku ile, karibu, aliyekuwa ananyonyesha ni mama tu.

Koko alikuwa anamenya viazi. Hakusimama. "Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Papa Furaha."

"Haa. Uliniahidi kunisalimia ukiniangalia. Niangalie basi."

"Mama, ninakufa."

"Mwanangu ndiye amekufa. Wewe unaungua tu. Leo jiwe iko wapi, ile ya kukataa muti?"

Mama alikuwa analia, Jonasi ananyonya ziwa, na mukono wake tayari kwenye nguo. Koko akamuambia bila kumutazama: "Ukimupa tone moja mbele ya miti kurudi, usiniite tena mama." Kisha akaniita mimi. "Neema, mupeleke. Apande mwenyewe. Wewe usiguse muti, mushike kiwiko tu."

Tulikwenda. Alikuwa mutu mukubwa kweli, na kiwiko chake hakikuenea mukononi mwangu. Nilikusanya matawi kwa nguo kuukuu, nikawa namupa. Nyuma ya migomba hakuna aliyetuona. Na pale nikaona koti lake. Lilikuwa kwenye musalaba tena.

Sikupanga kitu. Naapa sikupanga. Miguu ilienda. Nilipita naye ua wake wa matete mahali alipoufungua, nikapita jiwe jeusi, nikahesabu hatua nane ndani ya shamba lake, shamba zuri, udongo ambao yeye na bibi yake walikuwa wameutoa mawe kwa miaka.

"Mutoto, niguse jiwe kubwa," akasema. "Nianzie kwenye jiwe."

Nilimupeleka kwenye jiwe lingine, lake, pale alipokuwa akianikia mutama. Akaliweka kiganja. Kiganja kikatembea, kikatafuta, kikarudi. Lile jiwe halikuwa na mugongo wa ng'ombe. Kisha akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye udongo, na vidole vikazama bila shida.

"Hapa ni laini," akasema.

"Koko amelima," nikasema.

Mukono wake uligusa shina la harage. Alilipapasa, jani, maua, kamba aliyolifungia mwenyewe. Nilingoja anipige. Nilikuwa nimeshaamua, akinipiga nitakimbia na nitamuacha pale na macho yake. Maji na maziwa vilikuwa vinamutoka usoni.

"Sawa," akasema. "Nipe muti."

Alipanda yote. Kwa magoti, kutoka jiwe lake mpaka mwisho wa shamba, huku nasema mbele, papa, mbele, kushoto kidogo, na yeye anafuata. Ilikuwa tamu. Nitasema uongo kwa nini? Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokula katika miaka ile.

Mama akamukamulia, akiwa ameinama juu yake kwenye jua, tone kwa tone. Siku ya tatu jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilibaki na utando, kama samaki aliyechemushwa. Alipoona tena alikuja mpaka kwenye miyenzi, akasimama, akaangalia shamba lake lililokuwa upande wetu. Hakwenda kushitaki, si kwa Koko, si kwa chef. Nafikiri aliogopa akigusa tena atapoteza na lile lililobaki. Akaondoa matete yake, akarudi ndani.

Na Koko? Jioni ya siku ile ya kupanda alitembea na ua wote. Akafika, akanitazama muda murefu, nikajua amejua. "Umepanda vizuri," akasema. "Lakini wewe, usiuguse tena, siku zote za maisha yako." Mwezi uliofuata tulipanda viazi kwenye zile hatua nane. Vilizaa sana.

Nilisoma, nina diplome, tulifundishwa mambo ya mimea na sumu zake. Najua maziwa ya muyenzi hayaulizi nani ni mwizi, yanaunguza jicho lolote. Nilijiambia hivyo miaka yote. Halafu vita ikatukimbiza, Koko akafia kwa ndugu mutaa wa Katoyi, Goma, mama akabaki mutaa wa Mapendo, na mwaka huu nikarudi peke yangu, mume ametafuta kazi mbali, na mutoto wangu Ketsia mugongoni, miezi mitano. Nikakuta nyua zote za kijiji zimechomwa kuni na wakimbizi. Eukaliptu, matete, hata milango. Miyenzi tu ilibaki, juu moshi wake unaumiza macho. Watu wanaorudi wanapima viwanja vyao kuanzia kwenye ua wetu, kamba mukononi: "Huu ndio wa ukweli, huu ulipandwa na wazee." Kijiji kizima kinapima kutoka kwenye uongo wangu.

Wiki iliyopita mbuzi walipitia pengo la miyenzi. Nikasahau. Jamani, nilisahau kabisa neno la Koko, nilikata tawi kwa panga, nikasimika, nikanawa mikono kwa sabuni. Kesho yake asubuhi Ketsia hakufungua macho. Yamevimba, yanatoka usaha, analia. Nilikimbia naye mpaka kwa muganga wa hospitali, akasema ni ugonjwa wa macho tu, watoto wengi wanao, akanipa pomadi ya kupaka machoni. Nilipaka. Lakini nilipofika nyumbani nilifunga mulango, nikatoa ziwa, nikamukamulia pia, kila jicho, huku nasema: Mungu, Koko, papa, mimi ndiye niliyehamisha. Si yeye. Yakifunguka, nitarudisha hatua nane. Nitairudisha yote mpaka kwenye jiwe jeusi. Niliapa hivyo, maziwa yanashuka kwenye mashavu yake.

Siku ya nne yalifunguka. Meupe, safi, yote mawili. Alinitazama akacheka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumatano. Kila asubuhi nachukua baramini, natembea mpaka kwenye lile jiwe la kuanikia mutama, nainua chuma, halafu naona koti. Halipo, musalaba wenyewe umeoza, lakini naliona pale pale, mikono inaning'inia juu ya kaburi la papa. Na chuma kinashuka chenyewe. Narudi ndani, naweka kidole mbele ya macho ya Ketsia, nakipeleka kushoto, nakipeleka kulia, na sikitoi mpaka macho yake yakifuate.

Papa Furaha bado yuko hai. Muzee sana. Furaha anamutoa nje asubuhi, anamukalisha kwenye kiti ng'ambo ya miyenzi, uso kuelekea kwetu, na lile jicho moja. Ananiona nikija na baramini. Ananiona nikirudi nayo. Alijua ninamudanganya siku ile, tangu kiganja chake kilipogusa jiwe, sasa nina hakika, akalipa bila kusema kitu, juu alitaka kuona.

Ananiambia tu, "Habari ya mutoto, Neema?"

"Anaona, papa," nasema.

"Mungu asifiwe."

Na mimi nasimama pale, nangoja anitukane. Hata neno moja baya tu, nipate sababu ya kubaki na shamba lake. Hanitukani.