Maji ya Kwanza ya Mjohoro

"Bibi, siku ile ulichemsha mara ngapi?"

Ei Phyu alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Mtaa mzima ulikuwa na swali hilohilo mdomoni, ila watu wazima walilitafuna pamoja na tambuu. Daw Than Nwe, jirani yao, akamsogezea kinu.

"Twanga karanga."

Basi. 

Daw Than Nwe alikuwa mjane wa mtia rangi nyuzi, na pale Amarapura, mji wa wafumaji, alijulikana kwa jambo moja tu: saladi ya vitumba vya mjohoro. Mwezi wa Tazaungmon ukipevuka, mvua zikiwa zimekoma, kila nyumba huchuma vitumba, maana husemwa kwamba usiku huo dawa za miti yote hukutana ndani ya mjohoro. Lakini kuchuma si kupika. Vitumba vina uchungu wa kukunja uso. Huchemshwa, maji yakamwagwa. Vikachemshwa tena, yakamwagwa. Vikishachemka mara ya tatu hukamuliwa, ndipo vikachanganywa na karanga, ufuta, vitunguu vya kukaanga na ndimu. Ukichemsha mara moja, mlaji atalala kama gogo, na akiamka atatafuta choo kabla ya kutafuta viatu. Ukichemsha mara nne, umekula nyasi.

"Uchungu ubaki kidogo," Daw Than Nwe alizoea kusema. "Kama mgeni aliyekwisha kuaga, kivuli chake bado kiko mlangoni."

Mwaka ule wa swali, aliwapikia wafumaji wa mtaa mchana wa siku ya mashindano ya kufuma. Wanawake hukaa kwenye vitanda vya kufumia jua likizama, na vazi la kumvisha Buddha lazima liishe kabla ya kupambazuka. Likichelewa ni kiporo, na Buddha hapewi kiporo. Kila mfumaji hufuma kipande chake, kisha vipande hushonwa pamoja. Mtaa wao ulikuwa haujashindwa miaka kumi na mmoja.

Sufuria ikiwa bado jikoni, Ma Ohn Yin, mfumaji mwenye mikono myepesi kuliko wote, alibisha mlango wa nyuma.

"Shangazi, maji ya kwanza umeshayamwaga?"

"Bado. Ya nini?"

Msichana akatazama vidole vyake vya miguu. "Leo siku ya nne. Tumbo ni jiwe."

"Kunywa kesho, baada ya kufuma."

"Kesho mama yake Kyaw Zaw anakuja kunitazama! Nitakaaje mbele ya mama mkwe nimevimba hivi? Nakuomba, shangazi. Na usimwambie mtu, hata chungu chako usikiambie."

"Haya. Hatasikia mtu."

Daw Than Nwe akayamimina maji kwenye bakuli, akampimia nusu kikombe. Alipogeuka kurudisha sufuria motoni, Ma Ohn Yin akajiongezea mwenyewe toka bakulini mpaka ukingoni, akanywa.

Kulipopambazuka mavazi ya mitaa mingine yalikuwa yamekunjwa juu ya masinia. La mtaa wao lilipungua kitambaa cha urefu wa mkono mmoja. Ma Ohn Yin alikuwa amelaza shavu juu ya kazi yake, uzi bado umeshikwa, anakoroma taratibu.

"Than Nwe!" Daw Pwa, mkuu wa wafumaji, alipaza sauti uwanja mzima usikie. "Ulitupikia saladi au nusukaputi?"

"Hata mimi nilipiga miayo," mmoja akadakia.

"Wewe hupiga miayo hata ukioga!" mwenzake akamjibu.

Watu wakacheka. Ma Ohn Yin alikuwa ameamka, anamtazama Daw Than Nwe. Nyuma yake alisimama mama yake Kyaw Zaw, mwavuli kwapani, masikio wazi. Sentensi moja tu ingemsafisha Daw Than Nwe.

"Labda niliharakisha," alisema.

Tangu hapo saladi yake haikuliwa. Kila mwezi mpevu wa Tazaungmon alitandika mkeka mbele ya nyumba, akachemsha hadharani. Watu walipokea sahani kwa adabu, wakasema watakula baadaye, wakawamwagia kuku. Kuku wa uchochoro ule walinenepa, na hakuna aliyewahi kuwaona wakisinzia mchana. Mlango wa nyuma, hata hivyo, ulikuwa na wateja. Wenye kukosa usingizi na wenye matumbo magumu walikuja na vikombe vyao kuomba maji ya kwanza. Daw Pwa alikuja mara mbili. Daw Than Nwe aliwapimia wote, na habari zao hakumpa mtu.

Ikapita miaka saba. Mama yake Kyaw Zaw alizikwa wakati wa mvua, na mvua zilipokoma Ma Ohn Yin alirudi kutoka Monywa, mji alikoolewa, na watoto wawili. Siku ya mwezi mpevu akaja moja kwa moja kwenye ule mkeka, akakaa mbele ya watu.

"Shangazi, sahani mbili. Maji ya kwanza sitaki tena. Safari ile niliyanywa kikombe kizima kwa siri, nikalala, nikakuachia lawama."

Tambuu ya Daw Pwa ilisimama shavuni. "Maji? Uliyanywa ya nini?"

"Tumbo, mama! Siku nne!"

Kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda kwa wazee. Daw Pwa alikuwa wa mwisho kucheka. Akavua kandambili, akakaa pembeni ya mkeka, akanyoosha mkono.

"Nami nipakulie. Usinipunje."

Ei Phyu, sasa msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa kwenye kinu kama kawaida. Akaacha mchi.

"Bibi, siku ile ulichemsha mara ngapi?"

Daw Than Nwe alionja kitumba kimoja, akatafuna bila haraka.

"Tatu."