Kwa Nini Nyange Alisimama Kivukoni

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, hata sasa ambapo naitafuta miwani nyumba nzima kumbe ninayo usoni. Nitakupeleka huko. Lakini kwanza nikuambie kwa nini nimekuita. Juzi nilikuwa nimeketi mbele ya duka hapa Murera nikakuona ukipita na yule farasi wa kahawia unayewapandisha watoto siku za Jumapili. Karatasi ya nailoni ilipeperuka, akaruka kando, nawe ukamvuta hatamu mpaka mdomo ukaachama, kisha ukamchapa. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo, na kidogo tu nimuue farasi asiye na kosa lolote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na hakuna aliyekwenda popote bila karatasi ya ruhusa mfukoni. Sisi masaisi tulikuwa na bahati kidogo, maana farasi lazima watembezwe, na askari wakiona farasi wa shamba hawakusumbua sana. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na buti za ngozi alizoacha mgeni mmoja, zilizonibana vidole mpaka machozi, na sikuzivua ng'o.

Farasi niliyemtunza alikuwa jike mweupe. Wenye shamba walimpa jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyeliweza, basi sisi tukamwita Nyange, kama yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe. Nilikuwepo alipozaliwa. Nilimfundisha kuvaa lijamu, kusimama afungwe matandiko, kutembea polepole na mtu mgongoni. Alinijua kwa hatua zangu. Nikija bandani asubuhi aliweka pua yake begani kwangu akapumua, na shingo yangu yote ikapata joto.

Kila Jumamosi memsahib mwenye shamba aliwatembeza wageni wake kwa farasi. Njia ilishuka katikati ya kahawa mpaka mto Theta, ikavuka mahali penye maji machache na mawe mapana, kisha ikapanda ng'ambo hadi juu kilimani, ambapo siku ya jua unaona Kilimambogo. Ng'ambo hiyo kulikuwa na miji, yaani maboma, ya watu wetu zamani. Sasa hakukuwa na mtu. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu wakapelekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro, na nyumba zao zikabaki bila paa, milango wazi, magugu yakiingia ndani.

Hapo ndipo Nyange alipoanza vituko. Alivuka mto vizuri, akapanda hatua kama ishirini, na kwenye mji wa kwanza kabisa mkono wa kulia alisimama. Hakusimama kama farasi aliyeona nyoka. Masikio yake mawili yalielekea mlangoni mwa ile nyumba tupu, kisha yakaanza kusogea, polepole, pamoja, kutoka mlangoni, kupitia uani, hadi penye njia mbele yetu, kama masikio ya farasi yanavyosogea anapomtazama mtu anayepita. Nami nilitazama kule yalikotazama. Hakukuwa na mtu, mwanangu. Nyasi tu, nazo hazikutikisika.

Mara ya kwanza nilimvuta. Mara ya pili nilimchapa. Mara ya tatu, Jumamosi moja, alikuwa amembeba mgeni mmoja mnene, nami natangulia na kamba. Nyange alisimama, masikio yakafanya kile kitu, nami nikaikaza kamba kwa nguvu zangu zote. Akasimama kwa miguu ya nyuma. Mgeni alianguka juu ya mawe akavunjika mfupa wa bega.

Jioni memsahib alikuja bandani. Hakuwa mama mbaya, ila neno lake likitoka halirudi.

"Muiruri, hii farasi kichwa yake iko haribika," alisema. "Mimi napa wewe wiki mbili. Kama anafanya namna hii tena, Bwana atapiga yeye risasi. Sikia?"

"Nasikia, memsahib."

Nilisikia sana, maana Bwana, mume wake, alikuwa na bunduki. Farasi anayeangusha wageni hauziki, na chakula chake ni kingi.

Sasa, pale shambani kulikuwa na saisi mzee tuliyemwita Guka Kihara, yaani babu Kihara. Katika vita vya Wajerumani alipelekwa Tanganyika kuongoza nyumbu waliobeba risasi, akarudi na koti moja refu, na hatukuwahi kumwona bila koti hilo. Alikuwa na ulimi mkali. Kwa jinsi nilivyokuwa na kiburi, nilikuwa nimemwambia kazi yake ni ya nyumbu, farasi aniachie mimi. Kwa hiyo kumwendea kuomba msaada ilikuwa kama kumeza mfupa, lakini nilimeza.

Hakunicheka. Asubuhi iliyofuata alimchukua Nyange mwenyewe, nikafuata nyuma. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni hata mti wa kahawa ulio hatua tano mbele ulionekana kivuli tu. Guka alivuka mto, akapanda, akafika penye ule mji. Nyange alitembea akapita. Alitembea tu, shingo chini, kama anakwenda kisimani.

Akanirudishia kamba. "Haya, wewe."

Nikamrudisha mtoni, nikapanda. Hatua ya kumi na nane, ya kumi na tisa. Nyange akasimama. Masikio yakaelekea mlangoni.

"Imba," Guka akasema nyuma yangu.

"Niimbe nini?"

"Chochote. Hata wimbo wa kanisa."

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nilijaribu tena ikatoka kama ya kifaranga. Guka alinijia taratibu, akaweka kiganja chake kifuani pangu, kisha akakiweka kifuani pa Nyange.

"Farasi haogopi hapa. Ni wewe unaogopa, na yeye anakuamini, kwa hivyo anajua lazima kuna kitu," alisema. "Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwa cucu wangu," nilisema. "Mama yake mama. Lakini alikufa, Guka. Hakuna mtu hapa."

"Kama hakuna mtu, mbona hupumui?"

Niliziangalia zile buti za watu miguuni mwangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata mama yako, binti yangu mwenyewe. Siku watu wa kilima kile walipohamishwa, cucu alimtuma mtu shambani aje aniite. Alikuwa mzee, peke yake, na askari walitoa saa chache tu kabla ya kuchoma paa. Alitaka nimsaidie kubeba. Nami niliogopa. Niliogopa askari wataniona nikitoka kwenye mji ule wanitie kwenye lori na wengine. Nikamwambia yule mtu, mwambie cucu siwezi, farasi anaumwa na tumbo. Nyange alikuwa mzima kabisa, anakula nyasi mbele yangu. Cucu alibeba mwenyewe alichoweza, mgongoni, kwa ukanda wa kichwani, akapanda kile kilima. Miezi miwili baadaye kifua kilimbana akafa katika kijiji kile cha mtaro. Sikwenda kumwona akiwa hai, na sikwenda kumzika.

Umeona? Nilimsingizia farasi ugonjwa ili kuokoa ngozi yangu, na sasa farasi huyo huyo alikuwa auawe kwa ajili ya hofu yangu. Nilimwambia Guka yote. Alisikiliza akiwa anamkuna Nyange chini ya masikio, wala hakusema pole.

"Basi usipite hapa kama mwizi," alisema. "Mtu wa hapa haingii kwa nyumba ya mzee bila kuita, na hapiti bila kusalimia. Wewe umepita mara ngapi? Kesho uje wewe na huyu peke yenu. Ulegeze kamba. Uingie usalimie, useme ulichofanya, na usitoke mpaka pumzi yako itulie."

Nilikwenda kesho yake, na hiyo ndiyo asubuhi niliyokutajia mwanzoni. Nakuapia, miguu haikutaka. Ukungu ulikuwa mzito zaidi, na mto uliokuwa ukisema nyuma yangu ulinyamaza nilipoingia uani, kana kwamba mtu amefunga mlango. Nilisimama mbele ya nyumba isiyo na paa. Mawe matatu ya jiko yalikuwa bado mahali pake, meusi, yamelowa umande. Nikaita, "Cucu. Ni mimi, Muiruri."

Kisha nikasikia harufu ya ugoro. Cucu alivuta ugoro maisha yake yote, na mtoto wa nyumba ile hawezi kukosea harufu hiyo. Ilikuwa mpya, kali, kama kikopo kimefunguliwa sasa hivi karibu na uso wangu. Nyange akapiga chafya. Nilitaka kukimbia, lakini kamba ilikuwa imelegea mkononi na farasi hakukimbia, nikaona haya kukimbia peke yangu.

Nikasema. Nilisema farasi hakuwa mgonjwa. Nilisema niliogopa, na kwamba nilikuwa nimelala kitandani siku aliyozikwa. Nikalia, na mtu akilia, mwanangu, hana budi kupumua. Nilipopangusa macho Nyange alikuwa ameinamisha shingo anakula nyasi mlangoni pa cucu. Sikio moja tu lilikuwa limeelekea ndani ya nyumba, nalo lilitulia.

Tuliendelea hivyo kila asubuhi. Guka alinifundisha kusimama kabla ya mahali pa hofu, si baada yake. Nimwache Nyange ale, nimkune, nitoe pumzi ndefu mpaka naye atoe yake, kisha nimrudishe nyumbani akiwa bado ametulia. Kesho hatua mbili mbele. Kesho kutwa tatu. Siku nyingine tulirudi nyuma na Guka akasema si kitu. Nilikuwa nimezoea kuhesabu kazi kwa jasho, na kazi hii haikuwa na jasho hata tone.

Jumamosi ya hukumu ikafika. Memsahib alitangulia na farasi wake, nyuma yake mimi kwa miguu na kamba ya Nyange, na mgongoni msichana mmoja mgeni aliyekuwa ametoka Thika asubuhi ile. Bwana alikuja pia, na bunduki ilikuwa begani. Tulivuka mto. Tulipanda. Hatua ya ishirini, Nyange akasimama.

Nilisikia Bwana akivuta pumzi nyuma yangu. Masikio ya Nyange yalitoka mlangoni, yakapita uani, yakaja njiani, polepole sana, mwendo wa mtu mzee aliyelemewa na mzigo. Lakini nilitoa pumzi yote, nikaiachia kamba ikaning'inia, nikasema kwa sauti ya chini, "Cucu, niko hapa." Na mikono yangu ilijinyoosha mbele, viganja juu, kama ya mtu anayepokea mzigo. Sikuiamuru. Ilikwenda yenyewe.

Ilishuka, mwanangu. Mikono yangu ilishuka kwa uzito, na mbele yangu hapakuwa na kitu.

Nyange alitikisa kichwa, akatoa pumzi ndefu puani, akaanza kupanda kilima shingo ikiwa chini. Yule msichana mgongoni hata hakushika matandiko.

"Kwa nini amesimama?" memsahib akauliza kutoka mbele.

"Alikuwa anapisha mtu, memsahib."

Alitazama njia tupu, akatazama mikono yangu iliyokuwa bado imenyooka mbele, wala hakucheka. "Mtu iko wapi?"

"Nambebea mzigo mpaka juu," nilisema, na sikujua nilikotoa maneno hayo. Bwana aliishusha bunduki begani akaitundika kwenye tandiko. Tulitembea mpaka kilimani, na mabega yaliniuma siku tatu.

Nyange aliishi akazeeka. Wazungu walipouza shamba ndiye niliyeomba niachiwe, akafa kwa uzee, nami nikiwa nimemshika kichwa.

Basi mwanangu, ninachotaka ushike ni hiki. Farasi wako akishtuka, jitazame wewe kwanza. Sikiliza kama unapumua. Legeza mkono, maana kamba iliyokazwa inamwambia yale mdomo wako unayakana. Usimchape kwa hofu, hofu haitoki kwa fimbo, inaingia zaidi. Msogeze kidogo kidogo, na umrudishe nyumbani angali ametulia ili kesho apakumbuke mahali pale kwa wema. Na kama kuna mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kupita ukipumua, usimtume mnyama akupitishe. Nenda kwa miguu yako, uite mlangoni, useme ulichofanya. Ukiwa na mzee aliyekuita na hujaenda, usingoje mpaka uitwe na farasi. Mama yako aliniambia umekaa mwaka mzima bila kufika kwa nyanya yako mzaa baba kule Makongeni. Nenda Jumamosi hii, ukambebee hata maji.

Mungu wetu Ngai akutangulie katika kila njia unayopita. Mkono wako uwe mwepesi, kifua chako kiwe na nafasi, na kila mnyama utakayemshika alale usiku akijua yuko na mtu mwema. Nenda salama, baba.